Koti la Dorothy

Sogeeni. Sogeeni hapa mkekani, na wewe unayetafuna karanga, meza kwanza. Rudisheni huo mlango. Haya, sasa kimya, maana aliyemo ndani ya hadithi hii ni mtoto wa watu, na alikufa bila kuliliwa.

Ilianza na harufu. Atupele alirudi kutoka shifti ya usiku, huko Minto, pembeni ya Sydney, akafungua mlango wa nyumba aliyopanga na binti yake Cheryl na rafiki yake Jepchumba, nesi kutoka Eldoret. Akanusa moshi wa makaa ya mawe. Na jiko lao lilikuwa la umeme.

"Jepchumba, umeunguza nini?"

"Mimi? Labda ni hiyo sufu yako ya maiti," Jepchumba alisema, akifunga viatu vya kazini. "Nilikwambia nguo za mzungu hazinitaki. Hata hiyo sketi imekataa makalio yangu."

Wakacheka, yakaisha. Au walidhani yameisha.

Sufu yenyewe ilikuwa sare ya jeshi. Atupele alikuwa akitunza wazee, na kati ya wazee wake alikuwepo Bi Winifred, Mwingereza aliyetumikia jeshi la anga akiwa msichana, wakati wa vita vya Hitla. Kabatini mwake ilining'inia sare ya wanawake wa jeshi hilo: koti la bluu ya kijivu, sketi, kofia yenye beji, vifungo vya shaba. Kila Jumapili walivisugua pamoja, bibi akipenyeza kibati nyuma ya kila kifungo ili dawa ya kung'arishia isichafue nguo.

"Si yangu hii," alikuwa akisema. "Ni ya Dorothy. Tulikuwa tukishika nyaya za yale maputo makubwa ya kuzuia ndege. Waya ukakatika, ukampiga, akafa. Namtunzia tu mpaka mama yake aje."

"Sawa, mama," Atupele aliitikia, kama unavyomwitikia mzee ambaye asubuhi hiyo hiyo amekuita kwa jina la dada yake.

Bi Winifred alifariki katikati ya baridi ya mwaka 2014. Hakuwa na mtoto wala mpwa. Vitu vyake vikaanza kutiwa kwenye mifuko myeusi, vipelekwe duka la mitumba, na Atupele moyo ukamkataa. Mama yake mwenyewe alikuwa amezikwa Tukuyu mwaka uliotangulia, yeye yuko huku, viza bado iko kwa wakubwa. Alisikia kwa simu jinsi nguo za marehemu zilivyogawiwa, mbele ya watu, kila mtu na chake. Yeye hakupata hata kitambaa cha kichwa.

Basi akaomba ile sare, akapewa. Akamwanulia Bi Winifred tanga pale sebuleni, kwa chai na maandazi. Koti akalichukua yeye, sketi akampa Jepchumba, kofia akamvika Cheryl.

"Vaa, mwanangu. Nguo ya marehemu huvaliwa siku hiyo hiyo, ajue tumemuaga."

Cheryl, msichana wa miaka kumi na saba, alimjibu mama yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akapiga saluti, akacheka.

Baada ya harufu ikaja sauti. Atupele hulala mchana, mapazia yamefungwa, na mchana ndipo alipoanza kusikia waya ukiimba juu ya paa, wuuu, wuuu, kama kuna kitu kizito kinauvuta kutoka mbinguni. Alipotoka nje kutazama, hapakuwa na waya, palikuwa na Cheryl, aliyepaswa kuwa shuleni, amesimama uani peku, kofia kichwani, uso ameuelekeza juu, mikono imekamata hewa kama mtu anayezuia kamba isimponyoke, viganja vinachirizika damu, midomo imebadilika rangi kwa baridi ingawa jua lilikuwa linawaka, na alipomwita jina lake mara ya kwanza na ya pili na ya tatu mtoto aligeuka polepole, akamtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni njiani, akasema kwa Kiingereza cha zamani ambacho Atupele alikisikia kwa Bi Winifred peke yake: "Samahani, bibie. Umemwona mama yangu?"

Jepchumba alitaka waite gari la wagonjwa. Wakampeleka hospitali, wakarudishwa na bandeji. Ndipo akaitwa Mzee Ishmael, mtu wa Pangani, dereva wa lori la makontena Port Botany, ambaye babu yake alikuwa akizungumza na pepo. Jambo la kwanza alilofanya, baada ya kuelezwa habari za sare, ni kupanda kiti akatoa betri ya king'ora cha moshi. Ndipo akachoma ubani.

"Wewe nani?" akauliza taratibu.

"Dorothy."

"Unataka nini kwa mtoto huyu?"

"Nina baridi. Mama amechelewa."

Mzee Ishmael alimsogelea Atupele, akanong'ona. "Dada yangu, ulianua tanga la nani?"

"La Winifred."

"Na mwenye nguo?"

Atupele akakaa chini. Kumbe bibi hakuwa akiweweseka. Waligawana nguo za msichana ambaye msiba wake haukuwahi hata kuwekwa.

Wakazikusanya zote, koti, sketi, kofia, wakazilaza kwenye kochi. Atupele akalia, akamlilia Dorothy kama wanavyolia kwao, mpaka majirani wakachungulia. Pepo akatikisa kichwa cha Cheryl. "Wewe si mama yangu." Na pumzi ya Cheryl ikawa inakatika.

"Usiseme neno usiloweza kulirudisha," Mzee Ishmael alimwonya. "Huyu akipokewa, haondoki."

Atupele alimtazama mwanawe, midomo ile.

"Mimi ndiye mama yako," akasema. "Nimechelewa, mwanangu. Nisamehe. Njoo."

Cheryl akaanguka, akakohoa, akawa wa moto tena. "Mama?" aliita, safari hii kwa Kiswahili. Atupele hakugeuka. Alikuwa amelipakata lile koti, analifunga vifungo kimoja kimoja, anabembeleza.

Nyumba ikavunjika baadaye, kila mtu akashika njia yake, vitu vikagawanywa. Jepchumba alirithi vitanda na televisheni. Mzee Ishmael hakutaka kitu. Cheryl, ambaye sasa anasoma chuo kule Kensington, Sydney hiyo hiyo, alipata blanketi na picha ya bibi yake wa Tukuyu. Kila akija kumtembelea mama yake hupikiwa, huulizwa habari za masomo. Lakini akitaka kulaza kichwa mapajani, kama zamani, Atupele humzuia kwa kiganja.

"Taratibu," humwambia. "Utamlalia mwenzio."

Mapaja yale aliyarithi Dorothy.