Mistari Minne Juu ya Bulyaga

"Ikupa, muulize tena mwenzio. Amefika wapi?"

Baba mdogo Andongwisye alisimama mlangoni mwa jiko la msiba, koleo mkononi, viatu vimejaa udongo. Kaburi la Mama Gwakisa lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, limefunikwa mabati. Marehemu alikuwa shemeji yake. Kwangu mimi angekuwa mama mkwe.

Nikafungua simu, nikamsomea ujumbe wa mchumba wangu, Gwakisa:

"Mpenzi, nimepangwa safari ya usiku kutoka Ulaya. Nitapita juu yenu asubuhi kama kawaida, nishuke Johannesburg, nitafute ndege ya kuja Dar mpaka Songwe. Waambie wanisubiri. Mama asizikwe bila mimi."

"Kwa hiyo kufika ni keshokutwa," baba mdogo akasema. Aliwatazama wanaume waliokuwa wakiota moto. "Haya. Mtoto ni mmoja, na anatoka mbali. Tutasubiri."

Bulyaga nzima, hapa kwetu Tukuyu, ilijua kazi ya Gwakisa. Alikwenda Sauzi kwa malori kama vijana wengi wa kwetu, na baadaye akatuambia amepata kazi ya uhudumu ndani ya ndege, Airbus moja kubwa ya injini nne. Inaruka usiku kutoka Ulaya, na jua linapochomoza inapita juu ya mlima Rungwe. Barua ya posa aliileta baba mdogo kwa niaba yake.

"Utaitambua kirahisi," Gwakisa aliniambia kwenye simu. "Nyingi siku hizi zina injini mbili, zinaacha mistari miwili ya moshi. Yangu inaacha minne. Ukiona minne, nipungie."

Mimi fundi cherehani, ndege nilikuwa nazijua kwa mlio tu. Kwa ajili yake nikajifunza. Nikaweka kwenye simu programu inayoonyesha kila ndege inayopita, nikaingia kundi la WhatsApp la wapenzi wa ndege, watu wanaobishana juu ya mabawa kama wengine wanavyobishana juu ya Simba na Yanga.

Mama Gwakisa hakuhitaji simu. Aliamka kabla ya jua, akajifunga shuka, akashika kitenge chake cha kijani, tukasimama uani. Mistari minne ikitokea juu ya mlima, alikipunga kitenge kwa mikono miwili.

"Mwana gwangu! Gwakisa! Umekula?"

Sauda, mwenye duka la jirani, alikuwa akijibu toka ng'ambo ya ua:

"Mama, huyo ndiye anayegawa chakula! Shemeji, tudondoshee hata soda basi!"

Masika yalipoanza, mawingu yakashuka mpaka kwenye mapaa. Nikamwambia, "Mama, leo hatumwoni. Turudi ndani."

"Sisi hatumwoni," alisema. "Yeye anatuona." Akayapungia mawingu.

Naandika haya ili nisije nikasahau jinsi alivyokuwa akipunga.

Asubuhi ile ya msiba anga lilikuwa wazi, baridi kali ya Juni. Waombolezaji wote walitoka nje, hata wazee waliokuwa wamelala kwenye maturubai. Nilikuwa nimewatangazia mimi mwenyewe: mtoto wa marehemu anapita.

"Ile pale!" mtu akapiga kelele.

Wanawake wakaanza kulia upya, wakiinua mikono. Nami nilikuwa nimeinua kitenge cha marehemu. Kisha nikahesabu. Nikahesabu tena, kama mtu anayehesabu vidole vyake baada ya ajali.

Sauda akanisogelea, akanong'ona, "Ikupa, si ulisema minne?"

"Labda miwili imefichwa na jua."

"Jua gani hilo la kuchagua?"

Nikajificha nyuma ya jiko, nikaandika kwenye lile kundi nililokuwa sijalifungua, wala ile programu, tangu masika nilipoanza kumuuguza mama: "Samahani wakuu, ile ya injini nne ya kwenda Johannesburg leo imebadilishwa?"

Ismael wa Dar, msimamizi wetu, akajibu: "Dada Ikupa, ulikuwa umelala? Zile walizistaafisha zote masika yalipoanza tu. Zinakunywa mafuta mno. Zimeegeshwa jangwani, zinang'olewa vipuri. Sasa wanaleta mpya za injini mbili. Tulilia humu wiki nzima!"

Nikajiambia, labda naye amehamishiwa hizo mpya. Nikamwandikia: "Umepita na ndege gani?"

Jibu likaja: "Ile ile yangu, mpenzi, injini nne. Nimeona bati la nyumba yetu linameta. Nimelia."

Ndipo nikaikumbuka simu ya siku ya kifo. Nilipomwandikia kwamba mama ametutoka, hakupiga kwa WhatsApp kama siku zote. Alipiga simu ya kawaida, kwa laini yake ya zamani ya hapa hapa Tanzania. Kwa kilio sikuangalia. Sasa nikaipiga namba ile. Ikaita.

"Ikupa?"

"Uko wapi?"

"Nimeshatua Johannesburg, natafuta ndege ya..."

"Gwakisa, nimekupigia laini yako ya Tanzania."

Nyuma yake sauti ya mtu ikafoka, "We, shusha magunia hayo, gari inaondoka!"

"Niko Uyole," akasema mwishowe.

Uyole. Hapo tu, barabara ya Mbeya, mahali tunapokwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Sikumwambia mtu. Nilimkuta kwenye soko la viazi, gunia begani, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Aliponiona akalishusha, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Uhudumu wa ndege ndio huu?" nikamuuliza.

"Sikuwahi kuwa mhudumu, Ikupa. Nilikuwa nasafisha. Ndege ikishatua, abiria wakishuka, tunaingia sisi. Viti, mazulia, vyoo. Zile kubwa zilipostaafishwa, zikaja ndogo, wakatupunguza. Nikarudi na basi kupitia mpaka wa Tunduma."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Masika yote mama yako anapungia mawingu, wewe uko Uyole?"

"Nilitaka nipate kwanza kitu cha kuingia nacho nyumbani. Mnanijua mtu wa angani, nije na magunia?"

"Alilazwa hospitali, Gwakisa! Nilikuandikia kila siku! Asubuhi ya mwisho aliniomba nimtoe nje, nikamkalisha kwenye benchi na kile kitenge..."

"Nilimwona."

"Nini?"

Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo, akauchafua zaidi. "Nilikuja mpaka geti la hospitali. Nikawaona mmekaa kwenye benchi. Ukungu umetanda, yeye anapunga juu, anauliza kama nimekula. Nikasema nikiingia sasa hivi, ataona mwanawe yuko chini. Nikarudi Uyole."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilikaa juu ya gunia lake la viazi nikalia, wachuuzi wakitutazama.

"Twende ukazike," nikasema.

"Tupitie Songwe kwanza. Nikodi teksi ya uwanja wa ndege, niazime begi, niingie kama mtu aliyesafiri. Ikupa, nisitiri. Siku moja tu."

Nakiri, nililifikiria jambo hilo. Aibu yake ilikuwa yangu pia. Mimi ndiye niliyewatoa watu nje, wazee kwa watoto, wakaipungie ndege ya wageni. Lakini akilini nikamwona mama kwenye benchi.

"Mama yako yuko mochwari anakusubiri wewe. Magari ya Tukuyu ni haya hapa. Panda."

Tulipoingia uani, kilio kiliamka upya. Wanawake walitandika vitenge njiani ili apite juu yavyo. Baba mdogo alimshika mabega.

"Pole na safari, mwanangu. Mpeni maji huyu, ametoka mbali."

Gwakisa alikitazama kikombe alichonyooshewa. Hakukipokea.

"Baba, sijatoka mbali. Nimetoka Uyole. Niko hapo tangu masika, nabeba viazi. Sikuruka na ndege leo, wala siku nyingine yoyote."

Mtu mmoja akaanza kukusanya vitenge toka njiani, kimoja kimoja. Sikuwahi kuona kitu kinachouma kama kile.

Baba mdogo hakufoka. Akawatuma vijana wakalete mwili. Alasiri jeneza liliposhushwa, alimpa Gwakisa koleo.

"Kama hukusafiri, basi hujachoka. Fukia."

Kwa desturi yetu wanaume wanapokezana. Siku ile hakuna aliyempokea. Alifukia peke yake, akilia, akiteleza, huku kijiji chote kikitazama. Kaburi lilipofika nusu, baba mdogo alivua koti, akachukua koleo la pili, akasimama upande wa pili.

Watu walipotawanyika, Gwakisa alinifuata kwenye migomba.

"Na sisi, Ikupa?"

"Posa yako aliileta baba mdogo, wewe ulikuwa kwenye simu tu. Siwezi kuolewa na sauti."

"Nifanyeje?"

"Sijui. Ila siku ukija kwangu, uje kwa miguu, mchana, watu wakikuona."

Hakuja haraka. Alikaa kwenye nyumba ya mama yake, akalima shamba lake. Vijana wa bodaboda walimwita Rubani, naye akawa anapita njia za nyuma. Mimi nilishona nguo nikiwa nimeinamisha kichwa, wateja walikuwa wakiingia na kuuliza, "Leo imepita yenye mistari mingapi?"

Agosti, siku ya soko, jua la utosini, nikasikia makelele barabarani.

"Rubani! Umetua?"

"Nimetua," sauti ikajibu.

Sauda akapaza sauti kutoka dukani kwake: "Ikupa! Toka nje! Shemeji leo kapita chini!"

Nikatoka, uso unawaka. Alikuwa katikati ya barabara kuu, mkungu wa ndizi begani, jasho linamtoka, watu pande zote wakicheka. Alisimama mbali kidogo na mlango wangu, hakuthubutu kusogea.

Kitenge cha kijani kilikuwa kwenye kiti cha cherehani. Nilikichukua, nikakipunga mara moja, kwa mikono miwili.

"Gwakisa," nikaita, "umekula?"