Kompyuta Isiyojua Kutunza Siri

Kila asubuhi kabla ya kengele, Dorca alimsindikiza mama yake hadi ofisi ya shule, akafuta vumbi kwenye kompyuta, kisha akakimbilia darasa la nane. Shule yao ilikuwa nje kidogo ya Maseno, na mwaka ule wa 1996 ilikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, zawadi ya mfadhili. Mama yake, Beldina, ndiye katibu aliyechapa mitihani yote humo.

Jumatatu moja mambo yaliharibika. Maswali ya mtihani wa majaribio yalienea darasani kabla ya karatasi kugawanywa. Ili kuifikia mitihani ndani ya kompyuta, ilibidi mtu aandike neno la siri, na neno hilo walilijua watu wawili tu: Beldina na Mwalimu Mkuu, Bwana Masinde. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kujishuku mwenyewe. Alimwambia Beldina kwamba asipoeleza kufikia Ijumaa siri ilivyotoka, atafute kazi kwingine.

Dorca alikasirika hadi chakula kikamshinda. Alijua mama yake hakuiba mtihani. Basi ni nani? Jibu lilimjia upesi mno: Daktari Amolo.

Daktari Amolo alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, jirani yao. Mapazia yake hayakufunguliwa hata mchana. Siku Dorca alipotumwa kwake kuazima pasi, alikuta kompyuta tatu mezani zimepasuliwa kama samaki wa kuanikwa, na Daktari ameziinamia, saa mkononi. Tena wiki iliyopita mwanamke huyo alifika ofisini kuchapisha barua, akasimama kando ya kompyuta ya shule kama anayeisikiliza. Mtu mwema husikiliza kompyuta kwa nini?

Dorca aliwaambia wenzake bombani, wenzake wakawaambia mama zao, na kufikia Jumatano watoto walikuwa wakivuka barabara wakimwona Daktari. Wengine walisema ni jajuok, mchawi wa kukimbia usiku. Hapo Dorca akajikaza, akaenda kumshtaki kwa Mwalimu Mkuu.

Daktari aliitwa. Alisikiliza mashtaka yote asijitetee, kisha akauliza tu kama sasa anaruhusiwa kuigusa mashine. Bwana Masinde alimtazama kwa jicho la pembeni, akakubali.

"Dorca, keti hapa," Daktari alisema. "Pale panapotakiwa neno la siri, jaribu herufi moja moja. Halafu tega sikio."

Dorca aliandika A. Kompyuta ikakataa papo hapo, kimya. Akaandika B, kimya. Akaendelea hivyo hadi M. Safari hii, kabla ya kukataa, mashine iliguna kidogo pale inapotiwa disketi.

"Umesikia?" Daktari aliuliza. "Inakagua herufi moja moja. Ya kwanza ikiwa mbaya, inakufukuza. Ikiwa sawa, inaenda kwenye disketi kutafuta ya pili. Yenyewe ndiyo inayokuambia umepata."

Kwa kila herufi sahihi, mguno uliongezeka. Muda si mrefu mtihani ulifunguka. Neno la siri lilikuwa MBUTA, samaki ambaye Mwalimu Mkuu hamkosi sahanini siku ya Jumapili. Bwana Masinde alikohoa, akageukia dirisha.

Kisha aliwaita wanafunzi waliofagia ofisi mwezi ule. Mmoja wao, Ogola, alikiri kabla ya kuulizwa mara ya pili. Alikuwa akiichezea mashine wakati wa chakula cha mchana, akausikia ule mguno, akaufuata. Aliadhibiwa, mtihani mpya ukatungwa, na Daktari akairekebisha kompyuta ikague neno zima kwa pamoja. Mwalimu Mkuu alimwomba Beldina msamaha mbele ya walimu wote, jambo lililomtoa jasho.

Lakini Dorca bado alikuwa na shaka. Wakiwa njiani kurudi nyumbani pamoja na mama yake, alimwambia Daktari kwamba Daktari mwenyewe na Ogola walijua jambo lile lile, akamuuliza tofauti yao ni ipi.

"Kazi yangu ni kuzishuku mashine mchana kutwa," Daktari alijibu. "Niliposikia ile sauti, nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa niipime, akasema ana shughuli. Nikangoja, kwa sababu mashine si yangu, na kabla ya kupima sina la kusema. Ogola alipoona kasoro aliificha apate kuitumia. Sasa wewe uliponishuku, uliwaambia watu wangapi?"

"Wengi," Dorca alisema.

"Na mimi, uliniuliza lini?"

Aibu ilimpanda Dorca hadi masikioni.

"Nyathina, mwanangu," Beldina alisema taratibu, "kushuku si dhambi. Ila muulize mwenyewe kwanza, utafute ukweli, ndipo useme. Wiki hii jina langu limechafuliwa bila ushahidi, na umeona nilivyolia. Ulijua inavyouma, na bado ukamfanyia jirani yetu vivyo hivyo."

Dorca alimwomba Daktari msamaha huku machozi yakimtoka. Kisha akaanza na nyumba iliyokuwa karibu, akabisha hodi, akawaambia wenyewe kwamba alimsingizia Daktari Amolo.