Nani Atashika Namba Moja

Kila jioni Profesa alimsaidia mama yake, fundi cherehani. Alikata nyuzi zilizoning'inia, akashona vifungo na kukunja nguo zilizokamilika. Kazi ikipungua, alisukuma mabaki ya vitambaa pembeni ya meza na kufungua vitabu vyake. Jina la Profesa alipewa shuleni, maana tangu aanze darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumpita. Aliyemkaribia ni rafiki yake Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. Muhula uliopita nusura ampite.

Mtihani ulipokaribia, Kidoti aliteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mguu. Alilazwa hospitalini, mguu umefungwa plasta. Mama yake, aliyekuwa msusi, alimfuata Profesa.

"Mwanangu, ukitoka shule uwe unampitia mwenzako umweleze mliyosoma."

"Sawa, mama," Profesa alijibu.

Lakini hakwenda. Leo alisingizia mazoezi ya kwaya, kesho kichwa, keshokutwa mvua. Kila alipolikaribia geti la hospitali, wazo lilelile lilimjia: Kidoti akikosa masomo, nani atanifikia? Alijionea aibu, kisha akakaza mwendo kwenda nyumbani.

Jumapili, mwalimu wa watoto kanisani alimteua awaombee wagonjwa. Alianza vizuri. "Bwana, mponye Kidoti. Umpelekee watu wa kumtembelea na..." Hapo ulimi ukawa mzito. Watoto walisubiri, mmoja akakohoa. Mwishowe Profesa akasema "Amina" na kuketi.

Walipofika nyumbani, mama, aliyeisikia sala hiyo akimsubiri mlangoni, alimtazama. "Leo ulimeza nini katikati ya sala?"

Profesa aliinama. Alitaka kudanganya tena, akashindwa. Akaeleza yote. "Mama, nikimfundisha atanipita."

"Inawezekana," mama alisema. "Ila umemwomba Mungu ampelekee watu. Ulidhani atamtuma nani?"

"Nilitaka amtume mtu mwingine."

Mama alijikaza asicheke, lakini kicheko kilimtoka. "Na huyo mwingine naye anaomba hivyohivyo."

Kesho yake Profesa aliingia wodini. Kidoti alimwona, akageukia ukutani.

"Nilidhani umehama shule," alisema.

"Nilikuwa nakukwepa. Niliogopa usije ukanipita. Nisamehe."

Kidoti aligeuka polepole. "Uliniogopa hata nikiwa na mguu mmoja?"

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza. Tangu siku hiyo Profesa hakukosa. Kidoti alikuwa mwepesi kuelewa, na mara nyingine Profesa alitamani kuruka sehemu ngumu. Hakuruka. Alieleza mpaka mwisho.

Kidoti alifanya mtihani akitembea kwa magongo. Matokeo yalipotoka, yeye alikuwa wa kwanza, Profesa wa pili.

Profesa alimpongeza rafiki yake huku akitabasamu, ila alipofika kwa mama machozi yalimshinda. Mama aliivuta blauzi iliyokuwa mbele yake.

"Lia, lakini usiloweshe nguo ya watu."

Kisha akasimamisha cherehani na kuketi karibu naye. "Kushika namba moja ni jambo jema, na muhula ujao uitafute kwa bidii. Lakini Yesu hakutuagiza tuwapite jirani zetu, alituagiza tuwapende. Ungembania masomo, ungekuwa wa kwanza, na ungeogopa kumtazama machoni. Kufanikiwa si huko, mwanangu. Siku ulipoingia wodini na kusema kweli, ndipo ulipofanikiwa, na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Mungu hatatuuliza tulishika namba ngapi. Atatuuliza tulimfanyia nini aliyekuwa kitandani."

Profesa alijifuta machozi. Akachukua mkasi, akaanza kukata nyuzi za ile blauzi.

Mara wakasikia magongo yakigonga kizingiti. Kidoti aliingia, akiwa na karatasi ya mtihani wa hesabu mkononi.

"Shikamoo, mama. Profesa, nielezee hili swali la mwisho."

"Si ulilipata?"

"Nililipata. Ila mpaka sasa sijui nililipataje."

Profesa alicheka, akamvutia kiti.