Ndiyo ya Kwenye Fomu

Mama Pacha wa chumba cha pili, anayefagia ofisi ya ukaguzi wa dawa, anadai aliona kwa macho yake: yule mkaguzi mpole, mpenzi wa fundi cherehani, ndiye aliyelisukuma kando faili la kaka yake fundi.

"Alilifunga pu, kama mlango wa choo."

Fundi aliacha shati la watu kwenye sindano, akapiga simu.

Fundi na mkaguzi walikuwa wamekutana miezi mitatu nyuma hospitalini, kwenye msongamano wa dirisha la kupimia damu. Fundi na gauni la kijani, mkaguzi na shati lenye kifungo kinachoning'inia.

"Kifungo hicho kinanikera," alimwambia.

"Kishone basi." Akakishona palepale, mwenye shati akiwa amelivaa.

Kaka yake ana saratani ya damu. Madaktari walimchota chembe zinazolinda mwili, wakazifundisha maabara kuitambua saratani, wakazigandisha. Kumrudishia ndiyo kazi: lazima ofisi ithibitishe ni zake na ni salama, maana walinzi hao wakichachamaa humgeukia mwenye mwili.

"Sema, laazizi," mkaguzi alipokea simu.

"Laazizi kamwambie mama yako. Faili la kaka umelifanyaje?"

"Niko njiani nakuja."

Alifika amelowa jasho, tai mfukoni.

"Kuna fomu," alisema. "Kabla hujagusa faili wanauliza kama una uhusiano na mgonjwa au ndugu zake."

"Ukaandika?"

"Niliandika: 'Ndiyo. Nataka kumwoa dada yake.'"

Fundi alikaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa tena. Neno alilolisubiri miezi yote hiyo, mtu kaiambia ofisi kwanza.

"Kwa hiyo faili kapewa mwenzangu," mkaguzi alisema. " Ana mafaili mengine mbele. Wiki sita."

"Daktari kasema kaka anaweza kungoja nne."

"Ningeficha wakagundua, wangesimamisha tiba hii kwa wagonjwa wote kumi na mmoja wanaoingoja."

Sauti dhaifu ya kaka iliita kutoka ndani: "Huyo ni shemeji? Mbona hamwambii aingie?"

Fundi alikishika kile kifungo cha shati, akakizungusha, akakizungusha.

"Basi tuachane," alisema. "Kweli, si maigizo. Usinipigie, usipite hapa. Halafu kesho ujaze fomu nyingine useme huna uhusiano na sisi, na haitakuwa uongo. Ulichukue faili."

Mkaguzi alitazama mlango, akatazama vidole vya fundi juu ya kifungo.

"Nakuomba," alisema fundi. "Utaandika?"