Aliyegonga Kutoka Ndani

Jambo hili lilimpata shemeji yangu, mume wa dada. Mimi nilikuwepo. Laiti nisingekuwepo.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine kwenye machinjio yake ya kuku. Kuku wa kupelekwa hotelini walishapakiwa, sakafu imepigwa deki, wapakiaji wanataniana getini. Fundi wa majokofu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alitoka kukagua chumba cha baridi, kile kikubwa cha kugandishia nyama, akijifuta mikono.

"Mpini wa ndani umekufa," alisema. "Mlango ukijifunga, aliye ndani hatoki. Msikitumie mpaka nilete mwingine." Akabandika karatasi nyekundu ya onyo.

Shemeji alicheka. "Fundi, biashara hii nimeijenga mwenyewe tangu kuku kumi. Leo unifundishe mlango wangu?" Fundi alipoondoka, akanigeukia. "Shemeji, bandua hiyo takataka."

Nilikuwa msimamizi wa stoo. Nikabandua.

Alhamisi, mpakiaji tuliyezoea kumwita Mama Pacha aliingia kuchukua katoni moja. Sikumwona akiingia. Saa saba mchana, tukiwa ofisini na wageni wa shemeji, ukuta unaopakana na chumba kile ukaanza kugongwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nilimtazama shemeji. Naye akanitazama. Kisha akapandisha sauti, "Mashine hiyo, wageni wangu, msijali." Mashine ile haigongi, najua vizuri. Ila niliona haya kunyanyuka mbele ya watu na kumfanya shemeji aonekane mwongo. Nikawamiminia wageni chai.

Tulimkuta saa kumi na moja. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango, ngumi zote mbili zimeganda hewani.

Polisi niliwaambia sikusikia kitu. Ikaandikwa ajali.

Shemeji alizima mashine, akakata nyaya, akahamisha nyama yote. Chumba kikabaki sanduku tupu lenye joto na vumbi. Wiki ya tatu, saa saba mchana, kikagongwa kutoka ndani. Kesho yake tena. Wapakiaji wakaanza kuacha kazi mmoja mmoja.

Ikabidi fundi aitwe aking'oe. Alisikiliza kidogo, akasogea karibu na shemeji, akanong'ona, "Tajiri, tuanze na mlango. Mpaka ung'olewe, asiingie mtu."

"Hata wewe, mama mzima?" Shemeji aliwakusanya wafanyakazi wote. "Naingia mwenyewe. Shemeji, hesabu mpaka kumi. Nikitoka, atakayetaja mzuka tena hana kazi."

Akaingia, akauvuta mlango. Ukajifunga.

Moja. Mbili. Kimya.

Tatu. Nne. Ngo. Watu wakacheka, wakidhani bosi anatutania.

Tano. Ngo, ngo.

Sita. Zilikuwa ngumi za watu wawili.

Saba sikuitamka. Nilivuta mlango. Ukafunguka kirahisi.

Aliniangukia miguuni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. Kucha hazikuwepo. Na hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa ya joto.

"Nimegonga mchana kutwa," alinong'ona. "Ulinisikia. Mbona hukuja?"

Hospitali walimkata vidole sita. Siku hizi dada yangu anamlisha kwa kijiko, na hasemi tena.

Mimi nilirudi polisi, nikaandika maelezo mapya. Halafu nikaenda kwa mama mzazi wa Mama Pacha. Nilisimama mlangoni, nikamwambia nilimsikia akigonga, nikabaki nimekaa. Wale pacha walikuwa wanacheza karibu na viatu vyangu. Bibi yao hakunitukana. Aliwaita ndani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angenipiga.

Siku ya kukivunja chumba, fundi alilaza mlango uani, juani. Upande wa ndani ulikuwa safi. Upande wa nje, kwenye kimo cha kichwa changu, kulikuwa na alama ya barafu. Sikio. Limebanwa pale kama la mtu anayesikiliza. Ncha yake ya chini ilikuwa na pengo.

Fundi alilifuta kwa kitambaa. Likarudi. Akalifuta tena. Likarudi.

Sijawahi kuweka sikio langu kwenye mlango ule. Hata siku moja.

Fundi aliinuka polepole, akaangalia sikio langu la kulia, lililokatika ncha ya chini tangu utotoni.