Mkono wa Kushoto, Sentimita Sabini na Moja

YAH: KUINULIWA KWA KITI CHA MPIGA DRAMS BILA IDHINI YA KAMATI YA UKUMBI

Ndivyo jalada lilivyoandikwa, kwa wino mwekundu, na ndani yake mna karatasi kumi na nne. Kamati ilikaa vikao vitatu. Kikao cha pili kiliisha wakibishana kama kiti ni samani au ni chombo cha muziki. Maelezo yangu ni karatasi ya kumi na moja: mstari mmoja na sahihi. Sahihi pekee ndiyo ya kweli.

Lakini mambo yalianza na karatasi nyingine, ambayo haimo humo.

Mdogo wangu wa kike ni mpiga drams. Bendi ya ukumbi ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akifaulu, kazi ni yake. Wakakubali atengenezewe seti yake mwenyewe, kwa sababu ni mfupi, na kila seti aliyowahi kukalia ilimfanya aonekane kama mtoto aliyepandishwa kwenye meza ya wakubwa. Akajipima, akaandika, akanipa karatasi nimpelekee fundi nikitoka kazini.

"Usiipoteze, kaka. Nakujua."

"Mimi? Vipimo ndiyo kazi yangu!"

Ni kweli. Mimi ni mkaguzi wa mizani za maduka. Sitasema ni ngapi nilizopitisha bila kuziona, nikiwa nimekaa ofisini, nikibuni namba zenye sura ya ukweli. Namba ikishagongwa muhuri, haiulizwi wazazi wake ni nani.

Nilifika karakana ya fundi jua likizama. Harufu ya gundi na mbao mbichi. Nikatia mkono mfukoni. Hamna. Mfuko wa pili. Hamna.

Simu ikalia.

"Karatasi unayo?"

"Ninayo mkononi," nikasema, nikiutazama mkono mtupu.

Fundi alikuwa mama mmoja mcheshi, penseli sikioni, vumbi la mbao hadi kwenye kope. "Haya kaka, nipe mwili wa mtu wako. Mimi mizinga siikati kwa kufuata picha za kwenye vitabu." Mizinga ndiyo ile miduara ya mbao inayowambwa ngozi, na yeye aliipangia ukubwa kwa mikono na miguu ya atakayeipiga.

"Goti hadi sakafu?"

"Sitini na mbili."

"Kiuno hadi bega?"

"Sitini na nane."

"Mkono wa kulia?"

"Hamsini na nane."

"Wa kushoto?"

"Sabini na moja."

Penseli ikasimama.

"Kaka... wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sentimita kumi na tatu?"

Hapo ndipo ilinipasa nicheke, nijipige kofi la paji la uso, nimpigie mdogo wangu simu. Dakika mbili tu. Lakini nilikuwa nimeshasema karatasi ninayo.

"Alizaliwa hivyo," nikasema.

"Maskini," fundi akanong'ona. Akaandika. Besi, inchi ishirini na nne. Tom, zile ngoma za juu, kumi na tatu na kumi na nne. "Na hii kubwa, ya kumi na nane, tutaisimamisha kushoto, mbali, mkono wake upate pa kwenda." Kisha, bila kuniangalia: "Una hakika umempima mtu, kaka? Drams ni kama shati. Likishakatwa, haliwezi kukosa wa kulivaa."

"Nina hakika."

Wiki ya tatu drams zikafika. Mdogo wangu akazikalia, akanyoosha mguu, usiikute pedali.

"Kaka, umempimia nani hizi? Twiga?"

Bendi nzima ikacheka. Nami nikacheka.

"Fundi amekosea," nikasema.

Majaribio yalikuwa yanaendelea, ikabidi azipige hivyo hivyo. Kila akimaliza mazoezi alishusha kiti hadi chini na kuisogeza ile tom kubwa karibu. Kila kesho yake alikuta kiti kimepanda. Tom imerudi kushoto. Mbali. Akaanza kuchelewesha nyimbo kwa kupanga vyombo upya, mkuu wa bendi akaanza kutazama saa. Akaandika malalamiko. Kamati ikamjibu kwa barua kwamba alete shahidi.

"Njoo unisaidie, kaka. Wewe mtu wa serikali, watakuamini."

Nikaenda jioni, kabla ya mazoezi. Alinituma nitangulie na ufunguo wa kukazia ngozi; yeye alikuwa nyuma anafunga baiskeli. Ukumbi haukuwa umewashwa taa. Mwanga wa madirishani ulikuwa wa kijivu, kama maji ya kufulia.

Harufu ya gundi.

Nikasimama.

*Dum.*

Kimya.

*Dum... dum.*

Si kwa fujo. Kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kwamba ni yake.

Kulikuwa na mtu kwenye kiti. Magoti yalikuwa juu, makubwa. Mkono wa kulia ulikuwa wa kawaida kabisa. Mkono wa kushoto ulienda... ukaenda... ukaifikia ile tom bila bega kuinama hata kidogo.

Nilizijua zile sentimita. Nilizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Akanigeukia taratibu, kama mteja aliyesikia namba yake ikiitwa dirishani.

Mimi nilitoa vipimo vinne. Magoti, mgongo, mkono, mkono. Fundi hakuniuliza zaidi ya hapo, nami sikusema zaidi ya hapo.

Juu ya mabega hapakuwa na kitu.

Ufunguo ukaniponyoka, ukalia sakafuni. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, kimepanda, kinazunguka polepole. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameishika fremu kwa mikono miwili.

"Umemwona," akanong'ona. "Kaka? Mimi nimeona kiti tu kinazunguka. Wewe umemwona, sivyo?"

"Twende nje," nikasema.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Sikumweleza kitu. Alinitazama usoni, akaweka randa chini.

"Nilikuuliza, kaka."

"Inafutika?"

"Mlete mwenyewe. Useme mbele yake kwamba ulibuni, nimpime kwa mkono wangu, nikate mizinga mingine. Hizi nitazivunja. Ni kazi ya siku mbili."

"Na asipojua?"

"Basi zitabaki za huyo uliyempa."

Nikamwambia nitamleta Jumamosi. Jumamosi nilikuwa na kazi. Jumamosi iliyofuata pia nilikuwa na kazi. Naijua aibu ya kila namna iliyomo katika kanuni za utumishi, na kila moja ina adhabu yake. Hii haikuwa na kifungu.

Kikao cha tatu kikaniita kuwa shahidi. Kamati iliamua kwamba mlalamikaji amechoka, na kwamba kiti kibaki kilivyo kwa kuwa "ndivyo kinavyoonekana kupendelewa". Bendi ikamshukuru mdogo wangu kwa huduma yake. Fimbo zake alimpa mtoto wa jirani. Siku hizi anauza vocha, na mtu akipiga meza kwa vidole anaondoka mahali hapo.

Wiki iliyopita nilikuta futi yangu ya mkanda imekunjuliwa juu ya meza ya ofisi. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Imebanwa kwenye sentimita ishirini na moja.

Kisha nikaichukua, nikajipima kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia.

Ishirini na moja. Kipimo cha tano, ambacho fundi hakuniuliza.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilimwona. Katika kikao cha tatu mdogo wangu aliniuliza mbele ya wanakamati saba kama nilimwona, akiwa amenishika mkono chini ya meza, nami nikasema sikuona kitu.