Mtu Asiyetikisika Pichani

Nokia ilitetema ndani ya toroli la usafi.

"Sabuni imekwisha?" iliuliza sauti ya Mjomba.

"Ipo bado," alijibu Sindano. Maana yake: mwizi hajatoka.

"Saa kumi isikukute humo. Ukiipata, niletee mwenyewe."

Simu ikakatika. Kuaga hakukuwa desturi ya Mjomba. Kwa miaka ishirini alimtuma Sindano huku na huko, na Sindano hakuwahi kuona hata ukosi wa shati lake.

Sindano alikuwa jasusi. Wiki hiyo alikuwa mfagizi wa jumba la kumbukumbu. Ukitaka wakubwa wasikuone, shika fagio.

Mbele yake, Fundi wa picha wa jumba hilo alikuwa akiishia na korido, sanduku la Samsonite mkononi. Ndani yake alikuwa amepakia picha kumi na mbili za zamani, zile za vioo, za enzi ya kamera ya miguu mitatu. Nje, Peugeot yenye namba za ubalozi ilikuwa ikinguruma.

Sanduku lile lilikuwa la kilo ishirini. Bega la Fundi halikuinama.

Sindano alianza kumshuku juzi, alipovipitia vile vioo kwa lenzi. Kamera zile zilitaka watu wakae kama magogo mpaka mpiga picha ahesabu nane. Nani ataweza? Huyu anakohoa, yule anajikuna, nyuso zinatoka ukungu. Wajenzi wa reli, ukungu. Darasa la kwanza la shule ya kwanza, ukungu mtupu. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ukungu.

Isipokuwa mtu mmoja pembeni, kofia mkononi. Katika picha zote. Hata kope zake ungezihesabu.

Fundi.

Miaka mia na ushee, wala hana mvi. Sindano, aliyezipaka zake rangi kila mwezi, hilo ndilo lilimuudhi zaidi.

"Fundi, sakafu imelowa. Utaanguka."

Tambara la deki lilifunika bastola yake yote ya Walther, ila mdomo.

Fundi alisimama. Alisimama vizuri mno.

"Umetazama picha, mama."

"Nimetazama. Mwenzetu umetoka wapi?"

"Mbali, juu huko. Sisi huangalia tu. Reli tuliiangalia, vita tukaviangalia. Hatugusi kitu."

"Na hilo sanduku limekurukia lenyewe?"

"Tunakusanya nyuso zetu, basi." Ndipo akamtazama Sindano usoni, kwa mara ya kwanza. "Mpagazi wa tatu ni babu yako."

Babu alikwenda vitani, hakurudi. Kioo kile ndicho picha yake pekee duniani, na penye uso palikuwa na ukungu.

"Aligeuka kunitazama," Fundi alisema. "Katika wote wale, yeye tu ndiye aliyenishuku. Sura yake ninayo."

Akatoa kadi nyembamba. Kijana mwenye pua ya baba yake Sindano alikuwa akitazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anayepunjwa unga dukani.

"Niache nipite, iwe yako."

Sindano aliitazama mpaka akashiba. Akaipokea. Bastola ikashuka.

"Pita."

Peugeot ikaondoka mbio.

Sindano akainua karatasi za chooni torolini. Vioo kumi na viwili vilikuwa vimelala chini yake, vimeviringishwa kwa magazeti. Ndani ya Samsonite mlikuwa na kioo kikubwa cha kunyolea ndevu cha choo cha wanaume, alichokikata vipande asubuhi na kukipakia badala yake. Walizitaka nyuso zao, wangezikuta. Miaka mia ya kuangalia, na Fundi hakuwahi kumwangalia mfagizi.

Nokia tena.

"Sabuni?"

"Ninayo yote."

"Niletee sasa hivi. Asiione mtu. Hata mmoja."

Sindano aliitazama kadi. Lile jicho la babu.

"Mjomba, mpiga picha akihesabu nane, wewe hutikisika?"

Hata pumzi haikusikika. Na yeye alikuwa mmoja wao.

Aliitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji machafu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ofisi ya gazeti, na mhariri wake alikuwa mpenzi wa picha za zamani. Kesho zingekuwa mezani kwa kila mtu.

Akasukuma toroli kuelekea huko, gurudumu moja likilia. Katikati ya barabara akasimama, magari yakamsubiri.

Akakohoa. Akajikuna shingo kwa raha zake. Akaendelea.